Machozi ya Alfajiri Dunguni

Mshauri, shikamoo. Nahitaji msaada wako kabla ya Jumapili, maana mchumba wangu Octavian amemwomba Paroko asisome kwanza tangazo la pili la ndoa yetu.

Tarehe 2 Juni, tukivuna mpunga, jani lilinikwaruza jicho, nikaenda zahanati, daktari akasema ngozi ya juu ya kioo cha jicho imechubuka, nisilifikiche, na nipake dawa ya mafuta kila ninapolala mpaka aniambie basi, lakini baada ya siku chache niliona vizuri nikaacha, na tyubu nikampa bibi ampake kuku wake aliyeugua macho. Tangu hapo mchana sina shida, ila kila alfajiri nikifumbua jicho ni kama linachanwa, machozi yananitoka, na Mama Octavian, aliyekuja kutusaidia kuvuna na kulala nasi dunguni, kibandani kule shambani, akaniona, akamwambia mwanawe, "Msichana anayeamka na machozi ameota mtu, na huyo mtu si wewe." Octavian akaniuliza kama ni Nassib wa kiwanda cha sukari, aliyenitaka zamani, nami nikanyamaza, kwa sababu nikitaja jicho watasema wanaoa mwenye chongo.

Dativa, Katindiuka, 1997

Dativa, marahaba. Pole kwa jicho. Kuku wa bibi nadhani sasa anaona mpaka Kivukoni, na wewe unakaribia kukosa mume.

Umewahi kukandika nyumba? Udongo hukauka juu upesi, lakini ndani bado haujashika fito. Mtu akiegemea, unabanduka. Jicho lako ndivyo lilivyo. Ngozi mpya imeota, ila chembe zake hazijashikamana na zilizo chini. Usiku jicho hukauka, kope inagandana nalo, na ukifumbua inaibandua ngozi hiyo. Daktari wa macho niliyemuuliza anasema wataalamu bado wanatafuta ni nini hasa kinachoziamuru chembe hizo kushika au kuachia, lakini dawa ya mafuta husaidia, ikipakwa kwa miezi. Ukizidi kulichubua litapata kovu, na chongo unayoiogopa utakuwa umejitengenezea mwenyewe.

Kesho mwambie Octavian ukweli, kisha umwombe mama yake akusindikize zahanati, asikie mwenyewe. Na kila usiku awe yeye anayekupaka dawa. Hakuna kitu mama mkwe anachopenda kama kusimamia. Asubuhi usifumbue jicho kwa pupa. Mtu akikuletea maji ya majani ya miti ulitilie jicho, mshukuru, uyamwage.

Jicho likishapona, ukajikuta bado unaamka na machozi, niandikie. Hapo ndipo tutamzungumzia Nassib.