Nimewachorea wageni njia ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuipanda

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, nakuandikia huku nacheka ingawa shida niliyo nayo si ya kuchekwa. Binti yangu wa miaka miwili na nusu sasa hivi tu amelipindua beseni la kufulia akalikalia, kashika mfuniko wa sufuria kama usukani, anapiga kelele, "Kring kring, pisheni!" Halafu akashuka mwenyewe, akajishika kiuno, akahema kama mzee, akaanza kulisukuma beseni kuelekea mlangoni. Nikamuuliza, "Mbona umeshuka, mama?" Akanijibu, "Mlima." Hapo hapo nikasema basi leo naandika.

Mimi ni mfua mashuka katika nyumba ya wageni iliyo kando ya mto, pale bonde linapoanzia, na wageni wetu karibu wote ni watu wa baiskeli, wale wa mabegi mawili nyuma na chupa ya maji mbele, wanaufuata mto kwenda juu mpaka kwenye vilima vilivyo chini ya mlima wa theluji, wanalala huko, kesho yake wengine wanaendelea zao, wengine wanarudi. Kila asubuhi wananikuta naanika, wananiuliza, dada, njia ikoje? Na mimi ile njia naipenda jamani, naijua kona kwa kona, basi siku moja nikachukua kalamu za rangi nikawachorea na kuandika maelezo pembeni, shule sikufika mbali lakini mwandiko wangu haumpi mtu taabu. Mama bosi akaipenda karatasi ile, akaitoa nakala, sasa kila mgeni anapewa pamoja na ufunguo wa chumba. Mshauri, maisha yangu yote sijawahi kuandika kitu kikasomwa na mtu asiye ndugu yangu.

Sasa sikiliza kosa langu. Kila Jumatatu nakwenda kule juu kwenye kiwanda kidogo cha jibini kuchukua jibini na siagi za wageni, na huwa nakwenda na lori la maziwa la shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, baiskeli inakaa nyuma katikati ya madebe matupu na mimi nakaa mbele naimba. Tukifika kiwandani ananishusha, yeye anaendelea na safari yake ng'ambo ya mlima, na mimi narudi kwa baiskeli, kikapu kimejaa, upepo usoni, sikanyagi pedali hata mara moja mpaka daraja la chuma. Kwa hiyo nikaandika kama ninavyoijua mimi, kwamba njia ni laini hata mtoto anaipita, kwamba mto unakaa mkono wako wa kushoto, na ukichoka acha miguu ipumzike, baiskeli itakwenda yenyewe. Mshauri, wageni wanaanzia chini. Wanapanda!

Na hilo sikuliona mpaka lilipomkuta mgeni mmoja, mwalimu mstaafu tuliyemwita Babu Kofia. Alifika darajani akaona mto uko kuliani kwake, akasema karatasi inataka uwe kushoto, akavuka, akapotelea kwenye zizi la kondoo. Alirudi jioni kachafuka mpaka masikioni. Akaniambia, "Dada, huyu mtoto anayeipita hii njia ni wa nani? Nataka nimpe mkono." Watu walicheka mpaka wakashika meza, na Mama bosi akaninong'oneza, "Usimjali, hao wamezoea lifti." Maana Mama bosi anaamini kila Jumatatu napanda kwa baiskeli, hakuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kumwambia.

Sasa wanakuja akina mama tisa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, wameiona karatasi wakaipenda, na Mama bosi amewaahidi kwamba aliyeiandika ndiye atakayewaongoza. Amenipa na fulana ya njano, mgongoni imeandikwa MWONGOZAJI, nimeijaribu mbele ya kioo mara tatu, ya tatu nikazunguka kuona mgongo. Akina mama wakiridhika, kazi ni yangu moja kwa moja, mashuka atafua mwingine. Nikisema ukweli nahofia fulana itarudi kabatini. Shemeji anasema, "Lete wote tisa niwapakie kwenye lori, watafika na nywele hazijavurugika." Mume wangu ananionea huruma, anasema, "Funga kitambaa mguuni, sema umeteguka, yaishe." Na mama mkwe, ambaye hajui lolote, anawatambia majirani kwamba mkwe wake anapanda milima kama mbuzi.

Mimi sitaki kitambaa wala lori, naitaka ile fulana, lakini miguu yangu inajua kushuka tu, na ndiyo maana nimekuandikia, haya sasa mama mkwe ananiita, mtoto ameshafika barabarani na beseni, mshauri naomba uniambie, hivi mtu kama mimi anaweza kweli

*

Mama Beseni,

Natumaini beseni limerudi nyumbani salama na dereva wake pia.

Nimecheka, sikufichi. Huyo Babu Kofia ningependa kunywa naye chai. Lakini nikimaliza kucheka nakukunjia uso kidogo, kwa sababu wakati wewe unaisoma barua hii kuna mgeni anafunga mabegi yake na karatasi yako mfukoni, anakwenda kuutafuta mto mkono wa kushoto. Ulipojua kosa, ungezikusanya karatasi zile siku hiyo hiyo. Badala yake ukaenda kujitazama kwenye kioo. Mara tatu!

Haya, tuache hayo, tufanye kazi.

Leo, kabla hujaloweka shuka hata moja, nenda kwa Mama bosi. Usiende na machozi, usiende na hadithi ya tangu kuzaliwa kwako. Mwambie: "Mama, ile njia naijua kwa kushuka tu, kupanda napanda na lori. Naomba karatasi nirekebishe." Basi, nyamaza. Huenda atafoka. Mwache afoke, hasira ikishuka ataona kwamba umemwokoa na aibu ya akina mama tisa waliojaa kwenye zizi la kondoo. Na akikuvua hiyo fulana, Jumatatu panda hivyo hivyo bila fulana. Miguu haisomi maandishi ya mgongoni.

Ndiyo, Jumatatu. Ninavyohesabu unazo Jumatatu nne kabla ya wageni wako kufika. Mtoto mwachie bibi yake, na huyo bibi mwambie ukweli kabla ya majirani. Atanuna siku moja, kisha atapata jambo jipya la kutambia. Ondoka mapema kabla jua halijakaza, chukua mkate, maji chupa mbili, na kalamu. Lori likikupita, mpungie shemeji mkono, wala usimsimamishe. Namjua mtu wa namna yake, atapunguza mwendo akuchokoze. Wewe angalia mbele.

Utakaposhindwa, shuka usukume. Hakuna sheria inayosema mwongozaji hasukumi. Ila hapo unaposhuka, andika: "Hapa shuka." Penye bomba la maji andika, penye kivuli andika, penye kona unayodhani ndiyo ya mwisho kumbe siyo, hiyo iandike kwa kalamu nyekundu. Na mto, tafadhali, uweke kulia. Jumatatu ya kwanza utafika hoi, pengine hutafika kabisa. Ya nne utafika. Akina mama tisa hawahitaji mtu asiyechoka, wanahitaji mtu anayejua pa kupumzikia, na mtu wa hivyo ni yule aliyewahi kuchoka hapo hapo.

Karatasi ya zamani usiichane. Ni nzuri, nimeipenda hata bila kuiona. Andika juu yake KUSHUKA, wape wanaorudi.

Mume wako ana roho nzuri, lakini kitambaa chake akifutie mnyororo wa baiskeli, na akimaliza akaze breki. Hiyo ndiyo huruma unayoihitaji.

Sasa lile swali lako lililokatikia njiani. Ningeweza kukumalizia, lakini neno langu litakufaa nini ukiwa kwenye kona ile nyekundu? Kalimalizie mwenyewe kule juu, umekaa mlangoni mwa kiwanda, jasho linakutiririka, kwa kalamu zile zile za rangi. Na ukirudi jioni, binti yako akikukazia macho na kukuuliza mbona ulishuka, usitafute maneno mengi. Jibu alishakupa yeye.