Jina la Babu Yako

Marahaba, Mwanasha mjukuu wangu. Huku Kibuyuni hatujambo, mamako yuko pwani anavuna mwani.

Umeniuliza mbona nimezikataa karatasi za hitima ya babu yako. Uliziandika huko Nairobi, lakini kompyuta ya dukani hapa ina programu nyingine. Ilipofungua faili yako, herufi za Kiarabu ziliachana, na jina la marehemu likageuka nyuma mbele. Nawe unanijibu kwamba kwako liko sawa.

Jibu hilo ndilo lililoniudhi. Nilipokuwa mdogo, mwalimu wa Kurani alinifutisha ubao mzima, akisema mwandiko wangu hausomeki. Nikabisha kwamba mimi naweza kuyasoma niliyoandika. Akasema, "Wewe unayajua tayari."

Itume faili hiyo upya kama picha, kisha uniulize nimeona nini. Babu yako tulimzika mzima. Jina lake silipokei vipande vipande.

Bibi yako