Kifungo cha Koti Lako, Mwaitu

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Jana niliingia katika duka la hapa mjini kuwatafutia wajukuu wako zawadi, nikatoka mikono mitupu. Nilikuwa nimeenda na nia nzuri. Siku yangu ya kurudi nyumbani imekaribia, mzigo wa ndege unapimwa kwa kilo, na vitabu vya kozi vimeshakula sehemu kubwa ya hizo kilo. Kwa hiyo nilitafuta vitu vidogo na vyepesi, vile ulivyokuwa ukiviita vitu vya kuingia ndani ya soksi. Nikashika mpira mdogo unaodunda, nikauweka. Nikashika penseli zilizochongwa vichwa vya wanyama, nikazirudisha. Msichana wa duka alinijia akaniuliza kama nahitaji kusaidiwa, nami nikamwambia natazama tu. Ningemwambia nini? Kwamba mama yangu amezikwa Mbooni Jumamosi iliyopita nikiwa huku, na kwamba sijui tena mtu hununua nini akienda nyumbani?

Wewe ulijua. Au labda hukujua, ila ulikuwa jasiri kuliko mimi.

Ulipoenda Uingereza kusomea uuguzi nilikuwa naanza tu kusema maneno mawili matatu. Baba alikuwa kazini relini, Sultan Hamud, kwa hiyo niliachwa kwa Susu, mama yake, huko milimani Mbooni. Sikukujua kwa uso. Nilikujua kwa vifurushi. Kila Baba alipopata likizo alipanda ile njia ya mteremko na kitu kidogo mfukoni kilichotoka kwako, na watoto wote wa boma tulimkimbilia kama kuku walioona mtama.

Mara ya kwanza ninayoikumbuka ulituma baluni, zimelala bapa ndani ya bahasha. Susu alizigeuzageuza akauliza, "Hii ni ngozi ya nini?" Baba akapuliza moja mpaka mashavu yake yakawa makubwa kuliko hiyo baluni, na Susu akarudi nyuma hatua kadhaa, akamwambia aache kucheza na pumzi aliyopewa na Mungu. Ilipasuka siku hiyo hiyo. Vipande vyake tulivitafuna.

Halafu zikaja krayoni. Uliandika juu ya pakiti kwa mkono wako: za Mwikali. Lakini wewe uliolewa boma lile, ulimjua Susu. Kwake kitu kilichotoka mbali hakikuwa cha mtoto mmoja. Alifungua pakiti, akatupanga kwa umri, akagawa krayoni moja moja kama anayegawa nyama ya sikukuu. Mimi nilipata ya kahawia. Nililia, naye akaniambia, "Mama yako ako mbali. Hawa ndio wako karibu. Nikikupa zote, utacheza na nani?"

Basi tukawa hatuchori mpaka tukutane. Ukitaka jani unamwita mwenye kijani. Ukitaka jua unamngoja mwenye njano arudi kutoka mtoni. Mimi wa kahawia niliitwa kila mara, maana kule kwetu kila kitu kina udongo. Mwenye njano alikuwa Mwikali.

Ndiyo, Mwikali mwingine. Wewe unajua, lakini atakayesoma barua hii huenda asijue. Baba na kaka yake kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama desturi inavyotaka, na kwa hivyo boma moja likawa na Mwikali watatu, mmoja mzee na wawili wadogo. Watu walitutenganisha kwa majina ya mama zetu. Mimi nilikuwa Mwikali wa Ndunge, yeye Mwikali wa Mumbua. Tulikuwa karibu rika moja, urefu mmoja, na vichwa vyetu vilinyolewa kwa wembe mmoja. Yeye alikuwa na mdomo na miguu myepesi. Mimi nilikuwa mtu wa kutazama kwanza.

Baadaye ukatuma gauni la njano, la kitambaa chepesi kilichokunjwa kikawa kama leso. Susu akalipeleka njia ile ile ya krayoni: Jumapili moja langu, Jumapili nyingine la Mwikali wa Mumbua. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Ukafika Jumapili ambayo haikuwa zamu yangu.

Tulijua unakuja, ila tulikutarajia katikati ya wiki. Tulikuwa tumetoka kanisani na watu walikuwa uani wakila. Nilisimama kando ya ghala la mahindi nikiwa na sweta lenye tobo kwenye kiwiko. Nikaona mwanamke mwembamba akimaliza kupanda mteremko, anahema, koti zito la kijivu mkononi, katika jua la saa saba. Ukasimama langoni, ukaliona gauni la njano, ukaita, "Mwikali!"

Na Mwikali akaja. Aliitwa jina lake, angefanya nini? Alikimbia akiwa amefungua mikono, nawe ukapiga magoti kwenye vumbi ukamkumbatia. Ulimshika kichwa, ukamnusa shingo, ukalia kwa sauti. Ukatoa soksi kutoka kwenye mkoba na ndani ya soksi ukatoa kinanda kidogo cha mdomo, kinang'aa, ukakiweka mkononi mwake na kumfunga vidole juu yake.

Mimi nilikuwa pale pale kando ya ghala. Watu waliniuliza baadaye kwa nini sikusema. Ningesema nini, Mwaitu? Sikuwa na hakika wewe ni nani. Nilikuwa nimeambiwa mama yangu anakuja, na huyu mwanamke alikuwa amempata mtoto wake. Nilidhani labda wako ni yule, na wangu bado yuko njiani.

Ni Susu aliyesema. Alifuta mikono kwenye leso yake, akasema polepole, bila ubaya, "Ndunge, huyo siye. Wako ni huyu hapa."

Watu walicheka, kile kicheko cha watu wema wasiojua la kufanya. Nawe ulicheka. Ulinyoosha mkono nusu kuelekea kile kinanda, na Susu akasema, "Kitu ikishashikwa na mtoto hairudi kwa mfuko." Ukaurudisha mkono. Soksi ya pili ilikuwa na miwani ya Susu. Peremende zilikuwa za wote, na Susu alishazichukua azigawe. Ulipekua mkoba wako mpaka chini nikiwa nimesimama mbele yako. Nilikuwa nimesukumwa mpaka pale, sikujileta. Nilikuona ukitafuta. Sijawahi tena kumwona mtu mzima akikosa namna vile.

Ndipo ukachukua makasi yako madogo ya kazi, ukalitandaza lile koti magotini na kukata kifungo cha juu. Kilikuwa kikubwa, cha kahawia, chenye matundu manne. "Haka kalikuwa hapa," ukasema, ukajigusa chini ya koo. "Kila siku ya baridi kalikuwa hapa." Ukanipa. Susu akasikitikia koti. Lakini jioni, alipokaa kusuka kiondo chake, alinisokotea uzi wa mkonge akanivalisha kile kifungo shingoni, na hakumwambia mtu kwamba hicho nacho kigawanywe.

Kinanda kililia boma lile mwaka mzima. Mwikali wa Mumbua alinijia nacho kila siku akisema, "Chukua, tupige kwa zamu," nami nilikataa. Nilikuwa na kiburi kisichonifaa kitu. Usiku sikukataa kukisikiliza.

Ulipopata kazi Kitui na kunichukua tukaishi wawili katika ile nyumba ya wauguzi, uliniita Mwikali wa Ndunge. Sio Mwikali tu. Jikoni, mlangoni, hata nikiwa mgonjwa na homa na hakuna Mwikali mwingine karibu, uliniita jina zima pamoja na lako. Majirani walituona watu wa ajabu. Mimi nilijua unafanya nini, na wewe ulijua kwamba najua, na hatukulizungumza siku hata moja. Sasa naona kwamba tungelizungumza. Ningekuambia kwamba kifungo kilinitosha. Nilidhani muda upo.

Ulipoanza kuishiwa na nguvu, aliyekuchukua ni Mwikali wa Mumbua. Ameolewa Migwani, ana kiduka chake pale sokoni na hospitali iko karibu, na alisema utakaa kwake mpaka nirudi. Nilitaka kuiacha hii safari. Ulinitazama kama mtoto anayesema upuuzi. "Nenda," ukasema. "Mimi si nilienda?" Halafu, nilipokuwa nainama kukuaga, ukaongeza, "Na usiniletee kitu nzito." Tulicheka sana siku hiyo. Nilishuka mpaka stendi bado nacheka.

Simu ya kifo chako ilinifikia huku wiki iliyopita. Tikiti yangu ya kurudi ni ya tarehe moja tu, haibadiliki. Nilikwenda ofisini kwa watu wa ndege nikaomba, nikalia, wakanipa karatasi ya kufuta machozi na kikombe cha chai. Baba hayupo tena wa kusema msubirini. Wazee walikuwa wameshapanga siku. Jumamosi nilikaa kwenye kitanda cha hapa bwenini nikitazama saa, nikihesabu tofauti ya saa za huku na za nyumbani: sasa wanaimba, sasa wanashuka mteremko na jeneza, sasa udongo. Ule udongo wa kahawia. Kuna wenzangu wawili walikuja kukaa nami, lakini hawakujua wimbo hata mmoja.

Watoto nao, ukiwaambia nyanya amekufa, wanalia, na kabla simu haijakatwa wanauliza unakuja na nini. Siwalaumu. Ndunge mdogo, binti yangu mwenye jina lako, amesema anataka kitu ambacho ndugu yake Mutua hana. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo jana dukani, nami sikuiweza. Mkono mtupu haulambwi, lakini kila nilichoshika nilikiona kikigawanywa, kikipotea, kikishikwa na mtoto mwingine, au nikamwona mwanangu amesimama kando ya ghala akinitazama bila kunijua. Nilitoka nje kwenye upepo. Nikakumbuka koti. Nikajitazama, Mwaitu, na la kwangu ni la zipu. Hata kifungo sina.

Kile cha kwako ninacho, ndani ya pochi, kimebadilika rangi kwa jasho la miaka. Siwezi kumpa Ndunge. Bado ni changu.

Jana jioni Mwikali wa Mumbua alinipigia tena. Alikuwa ameshalia akanyamaza, sasa alitaka kusema. Laini ilikuwa mbaya, inaingia na kutoka, nami nilibana ile simu ya bwenini sikioni mpaka likauma.

"Dada," akasema, "kuna kitu sikukuambia. Ile siku ya mwisho aliita Mwikali tangu asubuhi. Hakusema wa nani. Mwikali tu. Mimi nilikuwa hapo, namfuta uso."

"Ukafanya nini?"

"Nikaitika. Ningefanya aje? Akaniuliza, umefika? Nikamwambia, ii, mwaitu, nimefika. Akauliza nimemletea nini. Sikuwa na kitu, Dada. Nikampa mkono. Akaushika hivyo mpaka akalala. Usinikasirikie."

Nilisikia kiduka chake nyuma yake, mtu akiomba sabuni.

Nataka ujue kwamba sikumkasirikia. Niliumia, hilo siwezi kukuficha. Niliumia mahali pale pale pa siku ile, kama sijakua hata kidogo. Nilikuwa nimesimama tena na sweta langu, mbali, naona mtu mwingine akikimbilia jina langu kwa mikono iliyofunguka. Lakini safari hii Susu hayupo, na hakuna aliyekuwa chumbani wa kusema huyo siye. Hata mimi, kama ningekuwepo mlangoni, nisingesema.

Lala, Mwaitu. Umemshika Mwikali.

Ni mimi mwanao,
Mwikali wa Ndunge, yule wa kando ya ghala.