Ntumba Amefika, Mama

Mama,

Ntumba, mdogo wangu, amefika. Nakuandikia huku hata mimi bado siamini. Jana alasiri wazee wa reli walimleta mpaka mlangoni kwetu hapa Kindu, mwanamke mzima mwenye uso wako, hadi ule mwanya wa meno. Akaniuliza, "Mama iko?" Majani hayajaota bado kaburini kwako, Mama!

Nilimwambia tu. Ningefanyaje? Akakaa chini pale pale, mkoba ungali begani.

Kisha akauliza lile nililoliogopa: kwa nini ulimtoa yeye kwa mtu baki. Nikamweleza jinsi vita ilivyotutoa mjini, Baba ameshauawa, sisi porini hatujui kama mji wa Pangi uko mbele au nyuma. Yeye alikuwa mchanga, maziwa yamekukauka, hata kulia ameacha. Ulisimama katikati ya njia ukaomba kwa sauti. Hujasema amina, akatokea Mama Zaina, Mwislamu wa Kibombo, aliyekuwa amemzika mwanawe juzi yake na kifua kimemjaa maziwa. Ukampa Ntumba. Risasi zikalia, tukatawanyika. Nilikuwa mtoto, nikadhani umerukwa na akili.

Miaka ile yote ulipomtafuta Kibombo bila kumpata, watu walikucheka chini chini. Jibu lako lilikuwa moja: "Mungu hakunionyesha barabara yote. Alinionyesha ile mama tu." Jibu hilo liliniudhi, Mama. Nilitaka Mungu anayeonyesha barabara.

Kumbe Mama Zaina alikimbilia Kasongo, akamlea, akamwita Rehema, na hakumficha kwamba mama yake ni mke wa fundi wa reli, mtu wa Kasai, huku Kindu.

Nina furaha na nina hasira, vyote pamoja. Subira yavuta heri, sawa, lakini heri gani hii inayofika matanga yamekwisha? Nimemuuliza Mungu hivyo hivyo, bila adabu.

Kwaheri, Mama yangu. Sijui tutaanzia wapi, yeye na msala wake wa kuswalia, mimi na Biblia yako. Ila nakuahidi, sitamwacha apotee tena. Ameshavaa viatu, ananingoja nimpeleke makaburini. Anasema hana lawama. Anataka tu kukuambia, "Nilinyonya, mama. Nilishiba."

Mwanao,
Kapinga