Baiskeli Yako Kwenye Kilima cha Radhi

Dada Jagoda,

Mahujaji wa parokia yetu tumekaribia Częstochowa, kwenye kanisa la hija la Bikira Maria, na supu tunazopewa vijijini zimetunenepesha. Baba ametembea njia nzima kashika kifua, nami namfuata kwa ile baiskeli yako nyekundu, dawa zake kikapuni. Nikimwambia apande, hunijibu, "Wewe mtoto, niache na miguu yangu." Jina lako bado halitaji.

Leo tulifika kwenye kile kilima ambapo mahujaji huombana radhi. Watu wakakumbatiana. Baba akawapita wote, akayumba, nikadhani anaanguka. Kumbe anapiga magoti mbele ya baiskeli. Akaushika usukani, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikufukuza bure."

Kifua kinazidi kumbana. Njoo, baiskeli haiwezi kumjibu.

Mdogo wako,
Bogna