Alikotazama Baba

Jumanne, 4 Machi

Madam amekubali! Mchezo wa Baba ndio utakuwa kazi yangu ya kuhitimu. Mtazamaji atavaa miwani ya uhalisia pepe na kujikuta amesimama sebuleni kwetu, Baba yuko mbele yake, anaongea naye uso kwa uso. Hakuna jukwaa, hakuna safu za viti. Madam, mwalimu wetu wa maigizo, aliuliza swali moja tu: humo ndani shingo ni ya mtazamaji, utamzuiaje asitazame ukutani? Nikajibu kwa kujiamini — sauti ya Baba itatosha. Sijui kama nilisema kweli.

Nilipotangaza nyumbani, Baba aliweka kijiko chini. Hajaigiza tangu nikiwa mdogo sana. Siku hizi anauza vipuri vya magari. Mama hakuinua macho kwenye cherehani.

"Maigizo! Yalishatushibisha lini?"

Wimbo wake wa siku zote.

Jumamosi, 8 Machi

Tumerekodi. Kamera ni kidude cha duara kama chungwa lililochomekwa kwenye fimbo. Inaona pande zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwongozaji hana pa kusimama. Ilibidi tutoke. Mimi na Betri — mwenzangu darasani, jina alilipata kwa kuomba chaji kila anapokanyaga — tulichuchumaa nje chini ya dirisha kama wezi wa kuku. Nilimwomba Mama abaki jikoni, pazia likiwa limeshushwa.

"Kwani kuna aliyenialika?" akasema. Akaenda.

Mchezo aliutunga Baba mwenyewe ujanani. Mume amerudi baada ya miaka mingi, anaongea na mkewe. Zamani ulikuwa wa watu wawili. Safari hii Baba ameyaondoa maneno ya mke, pameachwa kimya tu. Mtazamaji ndiye mke, na mtazamaji hana maneno. Nilimuuliza zamani nani alicheza mke.

"Mwigizaji mmoja. Aliacha."

Jumatatu, 10 Machi

Chuoni. Nimevaa miwani. Baba ni hatari! Sikuwahi kujua kama mtu anayebishana na wateja kuhusu breki ana sauti ile.

Ila macho. Hanitazami. Nimesimama mbele yake kabisa, na macho yanapita kando ya sikio langu. Nilimpa Betri miwani ahakikishe. Akasema mzee amekosea pa kutazama, turudie tu, asione haya. Nilikasirika. Baba hakosei kitu kama hicho. Nikaivaa tena, na safari hii nikageuka nione kuna nini huko nyuma.

Mama.

Pazia amelivuta kando. Amesimama mlangoni mwa jikoni, futi ya kupimia nguo iko shingoni. Midomo inacheza. Kila Baba anaponyamaza, yeye anasema — bila sauti, lakini anasema, na uso mzima unasema naye. Ni uso nisioujua. Na Baba hakuwa akikisia urefu wa kimya. Anamngoja amalize. Midomo ikifungika ndipo anaendelea.

Mwigizaji mmoja. Aliacha.

Nilivua miwani. Betri akauliza vipi. Nikamwambia chaji imeisha. Akanipa pole ya kweli kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Madam alikaa ndani ya miwani muda mrefu. Alipoitoa alifuta vioo kwa ncha ya mtandio.

"Usiguse chochote. Hii ndiyo kazi yako."

Nikamwambia Mama hajui kwamba kamera ilimwona. Kazi ikipokelewa, itaoneshwa kwa kila atakayekuja. Naweza kuifunika nusu ya nyuma kwa giza, si kazi kubwa.

"Ukimfunika, macho ya baba yako yatakuwa kosa. Ukimwacha, yatakuwa na sababu." Kisha akanirudishia miwani. "Lakini mimi si mwanawe. Kamuulize mama yako mwenyewe."

Nimekuwa nikiwaza njia nzima. Anayepanda jukwaani amekubali kutazamwa. Mama alikubali nini? Alikubali kukaa jikoni. Uso ule alimpa mtu mmoja, akidhani hakuna mwingine. Na mimi ninautaka! Hilo ndilo linaloniogopesha. Nautaka kuliko alama za kuhitimu. Sijui kama nautaka kama msanii au kama mtoto aliyenyimwa kitu miaka yote hii.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshindwa kusema.

Mezani Mama aliuliza kama Baba aliigiza kweli au alikohoa tu. Baba akasema, "Niliigiza, mama watoto." Mama: "Mh." Hawakutazamana. Nilidhani nawajua wanavyokaa mezani.

Ijumaa, 14 Machi

Mwisho wa kukabidhi ni leo jioni. Baba yuko dukani. Nimekuja na miwani nyumbani.

"Mama, nataka uone kabla ya mtu yeyote."

"Nione nini? Sura ninayoamka nayo kila siku?"

Hata hivyo alivua kitambaa cha kichwa, akainama nimvalishe. Sikumwambia kitu kingine.

Sasa amesimama katikati ya sebule, ameshika ukingo wa meza. Naandika kwa sababu sijui mikono yangu niipeleke wapi. Haoni kama naandika. Haya, mara ya pili namtazama bila yeye kujua.

"Ee! Si humu humu ndani!" Ananyoosha mkono hewani. "Na huyu amenenepa. Au kamera yako ndiyo inanenepesha watu?"

Baba anaongea. Mama ameacha kucheka.

Kimya cha kwanza. Midomo yake — na sasa kuna sauti, ndogo, lakini ipo: "Mlango haukufungwa. Hukuusukuma." Ndiyo mara ya kwanza nasikia maneno ya mke.

Kimya cha pili. Hajajibu.

"Mbona macho yananipita?"

Nadhani anakumbuka alikuwa amesimama wapi.

"Mwanangu. Hiki kitu chako kinaona mpaka nyuma?"

Mkono umeachia meza. Anageuka —