Kikombe Alichokataa Bwana Uwazi

Mayi, mama yangu,

Nimekaa mlangoni pa jikoni yako, pale ulipokuwa unachambulia mboga ya managu, mwanangu Neema amelala mgongoni mwangu. Naandika na ile kalamu waliyokupa kwa semina Bungoma. Bado inaandika. Kalamu zao huwa hazina shida, mayi. Hata fulana zao. Shida ni maji tu.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka semina? Mlikuwa mmelala hoteli, mmefundishwa jinsi ya kuchunga mradi wa maji usiliwe. Ulishuka kwa pikipiki na fulana nyeupe imeandikwa mgongoni "Rushwa Ikomee Hapa", ukazunguka boma lote ukitembea kinyumenyume ili kila mtu asome. Kwa mkoba ulikuwa umefunga kipande cha kuku na tishu. Nikakuuliza ni cha nani, ukasema ni cha Neema.

"Lakini mayi, mtoto hana meno."

"Si atanyonya mfupa? Ajue pia yeye alienda semina."

Tulicheka mpaka Neema mwenyewe akaanza kucheka na hajui ni nini.

Siku hizo tuliamini. Kaunti ilikuwa ichimbe kisima kule juu na kuleta paipu mpaka huku kwetu Saboti. Na lile shirika la Kitale lilikuwa limepewa pesa na wafadhili ili sisi wenyewe tuwe macho, tuulize maswali, mkandarasi asikule. Wewe ukachaguliwa mwenyekiti wa hayo macho. Ukatunga na wimbo. Yule kijana wa shirika alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kusema "uwazi", ndiyo tukamwita Bwana Uwazi, na yeye akapenda hilo jina. Halafu ukasikia kwao ni Kimilili, huko ulikozaliwa. Basi. Akawa mtoto wako.

Kila akija kuku anakufa. Na firigisi, ile kwetu haipewi mtu hivi hivi, ile ya baba mwenye nyumba, ulimwekea yeye juu ya ugali. "Kula, mwanangu. Unatufanyia kazi." Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu ulimpa kuku wa pili.

Sisemi hivi kukulaumu. Nakumbuka tu vile alikuwa anaitafuna, polepole, amefunga macho. Nikikumbuka hiyo taya ikizunguka nasukuma sahani mbali, mayi.

Kwa sababu baadaye ilikuja ile mvua kubwa, ng'ombe wa jirani yetu Mama Simiyu akazama mguu kwa mtaro wa paipu, na tulipoenda kumtoa tukaona mtaro ni mtupu. Tukachimba mbele, mtupu. Tukachimba nyuma, mtupu. Kisima kiko juu, tangi liko chini, na katikati wamefukia hewa na kupanda nyasi juu yake. Paipu ilikuwa moja tu, fupi, kutoka kwa tangi mpaka kwa mfereji wa kufungulia maji, ile sehemu mtu anaweza kuona akisimama. Ulimpigia Bwana Uwazi simu na mikono ina matope. Akaja, akapiga picha, akatingisha kichwa, akasema hii lazima ifike juu.

Aliporudi, alishuka kwa pikapu ya mkandarasi. Wewe uliona. Mimi pia niliona.

"Mama, wafadhili wanakuja kutembelea," akakuambia. "Wakikuta mfereji mkavu wataondoka, na mradi utakufa kabisa. Tujaze tangi kidogo tu. Wakitoa awamu ya pili, paipu inakuja."

Najua ulichokuwa unafikiria. Kwako mgeni haaibishwi. Hata kama hakuna unga, mgeni hawezi kujua. Hilo jambo ulitufundisha na kiboko. Na wao walilijua, mayi, walilijua vizuri kuliko sisi, wakalitumia. Tukabeba maji ya mto kwa mitungi, mmoja juu ya ngazi, wengine chini, tangu alfajiri, mpaka fulana zenu za kukataa rushwa zikaloa mgongoni. Mgeni akafungua mfereji, maji yakatoka. Akapiga makofi. Ukaimba. Wakapiga picha, wakanywa soda, wakaenda.

Gari lilipopotea mfereji ukatoa yale ya mwisho, ukakohoa, ukanyamaza. Wewe ukakaa juu ya mtungi na kusema, "Tumewapikia wezi na kuni zetu wenyewe." Hukuimba tena ule wimbo. Mimi niliona hiyo siku ilikuingia kwa kifua kabla ya ule ugonjwa uliokuchukua.

Awamu ya pili ilikuja, tulisikia. Paipu haikuja.

Tangu tukuzike Neema ameharisha mara nyingi. Mwezi uliopita alilegea kabisa nikampeleka hospitali Kitale. Nesi ananiuliza, "Anakunywa maji gani?" Nikasema ya mto. Akaniangalia kama mtu mvivu. "Si huko kwenu mko na mradi? Tuliona picha, wamama wanaimba." Ungefanya nini, mayi? Mtoto wako ana dripu mkononi, na unaambiwa unakunywa maji safi kwa picha. Nilitoka nje nikatema mate.

Mimi sikumaliza shule, unajua vile ilienda. Lakini kuna kitu kimoja nashindwa kuelewa kwa hawa wafadhili. Mbona wanapiga simu kwanza? Mtu anayetafuta mwizi anamwambia nakuja Alhamisi, tayarisha chai? Walileta pesa ili wizi uonekane, halafu wakamwachia yule yule awachagulie pa kuangalia. Hawa nao siwaonei huruma sana. Kuna ujinga mwingine unanuka kama wizi.

Basi wiki jana Bwana Uwazi alikuja tena. Amenenepa. Akasema pole ya msiba, mazishi alikosa kwa sababu ya kazi. Halafu, "Dada, wageni wanakuja Alhamisi. Wewe ndiyo uko na sauti ya mama. Ongea na wamama, mjaze tangi kama ile siku. Nitakuweka kuwa mhamasishaji wa kata. Uko na mtoto, fikiria yeye."

Nilifikiria yeye. Nikamwambia, "Sawa, kaka. Wageni tutawapokea vile mama alitufundisha."

Sikumdanganya.

Hiyo Alhamisi wamama walikuja na mitungi yao, tukaigeuza, tukaikalia. Mama Simiyu aliogopa. "Ati tunakalia mitungi na wageni wako njiani? Huyu mtoto ataharibu hii kitu." Lakini akakaa. Akaja mama mmoja wa Nairobi anayewafanyia wafadhili kazi, amevaa raba, anasalimia kila mtu kwa mkono. Niliimba wimbo wako wote. Bwana Uwazi akatabasamu mpaka akaona tangi haliloi pembeni, hakuna aliyelijaza. Tabasamu ikabaki usoni tu, kama nguo imesahaulika kwa kamba.

Sasa, mayi, kabla yule mgeni hajasema twende kwa mfereji, nikatoa ile trei yako yenye kitambaa cha kufuma. Mgeni kwetu hakai mdomo mkavu. Nilikuwa nimechota mtoni asubuhi hiyo, pale ng'ombe hunywea, maji yale yale tulijaza kwa tangi, yale yale Neema anakunywa. Kikombe cha kwanza sikumpa yule mama. Nilimpa Bwana Uwazi, mtoto wa nyumba.

"Kunywa, kaka," nikasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Mama angekuwa hapa angekupa firigisi. Mimi niko na hii tu. Ni maji ya mradi."

Akaangalia ndani ya kikombe. Rangi ya chai ya maziwa.

"Asante dada. Leo nimefunga."

"Ai!" Mama Simiyu akaruka kutoka kwa mtungi. "Umefunga na ile chapati umemaliza kwa gari saa hii? Mafuta iko kwa kidevu!"

Watu wakacheka, lakini si ile ya furaha. Unajua kwetu kukataa kikombe ni nini. Ulituambia, anayekataa maji yako amekuambia nyumba yako ni chafu. Nilibaki nimenyoosha mkono. Yule mama wa Nairobi akageuka, akamuuliza polepole, "Si uliandika haya maji ni salama? Mbona hunywi?"

Akapangusa kidevu. Mayi, ule mdomo uliokula firigisi yako ulikataa maji ya mjukuu wako.

Yule mama hakupiga picha. Alisema, "Nionyesheni," tukampeleka kwa mtaro, akashuka ndani na raba zake, akainama, akatia mkono kwa udongo mahali paipu ilipaswa kuwa. Alipopanda hakuahidi kitu. Alisema atarudi na hatapiga simu. Sijui kama ni kweli. Wameshasema mengi.

Wengine wamenikasirikia. Wanasema nimefukuza wafadhili, sasa hata fulana hatutapata. Mimi fulana yako ndiyo napangusia sakafu, na maandishi hayajatoka. Lakini Jumatatu wamama kumi na kitu, hata Mama Simiyu, wamesema wataenda na mimi ofisi ya maji Kitale, tukae hapo na mitungi yetu mpaka mtu atoke. Hakuna aliyetulipia nauli. Hakuna aliyetupa semina. Nikilifikiria hilo roho inapanda kidogo, naona Neema akikinga mikono kwa mfereji na maji yanatoka kweli, na hakuna anayepiga makofi kwa sababu ni kitu cha kawaida.

Kile kikombe sijakimwaga. Kiko juu ya kabati. Matope yametulia chini, na ukichungulia kutoka juu unaweza kuapa ni maji safi. Hivyo ndivyo walivyotuona miaka yote hii, kutoka juu. Mgeni yeyote akija hapa kwako, nitamkaribisha, nitampa kiti, na nitakitikisa mbele yake kwanza.

Pumzika, mayi. Kuku wako wote wako hai.

Ni mimi kitindamimba wako,
mama ya Neema.